Taa Ziwake Kabla Giza Halijaingia: Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Nyaya za Sensa ya Mwanga ya Gari Ukiwa Nyumbani

Huku kwetu karibu na ikweta, jua likishagusa upeo zinabaki kama dakika 20 tu giza likamate barabara. Katika dakika hizo bodaboda wanakimbiza abiria wa jioni, watoto wametumwa dukani, na mwenye gari la AUTO, yaani lenye taa zinazojiwasha zenyewe, ametulia akiamini kompyuta imeshamwashia taa. Mbele yake dashibodi inang'aa, maana kwenye magari mengi ya siku hizi mwanga wa mita huwaka muda wote. Nje, gari lake ni kivuli kinachotembea.

Japani walilitazama jambo hili wakaliwekea sheria. Tangu Aprili 2020, modeli mpya ya gari la abiria huko lazima iwashe taa zenyewe ndani ya sekunde 2 mwanga wa nje ukishuka chini ya luksi 1,000 (luksi ni kipimo cha mwanga). Zinatakiwa kuzimika mwanga ukipanda juu ya luksi 7,000, tena si papo hapo, bali baada ya zaidi ya sekunde 5 na kabla ya sekunde 300 kupita. Modeli zilizokuwa tayari sokoni zilipewa hadi Oktoba 2021. Ili uelewe namba hizo: jua linapozama kwenye anga safi, mwanga huwa kama luksi 400. Kwa hiyo luksi 1,000 ni wakati ambao wewe bado unaona vizuri, ila wengine wameanza kutokuona. Magari ya kabla ya hapo, ambayo ndiyo mengi barabarani kwetu, kila kiwanda kilijipangia kipimo chake, na mengine hayana AUTO kabisa.

Nitatumia zaidi mifano ya Toyota zilizotoka Japani, kwa kuwa ndizo zimejaa Tanzania na Kenya. Jambo moja nalishikilia katika kazi yote hii: waya wa kiwandani haukatwi. Kifaa chako kinakaa pembeni, sambamba na mkono wa taa ulio kwenye usukani, ili siku kikifa dereva azungushe mkono na taa ziwake kama siku zote. Nimewahi kuletewa gari ambalo fundi alikata nyaya mbili za sensa akaziunganisha ili taa "ziwahi". AUTO ikafa kabisa, kompyuta ikaandika kosa, na zikabaki ncha fupi kiasi kwamba hata koleo lilikosa pa kushika. Kurudisha nyaya zile kulichukua siku nzima.

Ijue sensa yako kwanza

Kwenye Toyota nyingi sensa ni kidoti cheusi cha plastiki juu ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele. Usikichanganye na sensa ya jua ya kiyoyozi, ambayo inafanana nacho sana na wakati mwingine hukaa naye nyumba moja. Njia ya kuitambua ni rahisi. Mchana, washa swichi ya funguo, weka mkono wa taa kwenye AUTO, kisha funika kidoti kimoja kimoja kwa kitambaa cheusi kilichokunjwa mara nne. Kiganja hakitoshi, mwanga unapenya kati ya vidole. Kidoti kitakachowasha taa ndicho chenyewe.

Ukiwa hapo, angalia pia kama kuna kitu kimekifunika. Madereva wengi wanaolalamika kwamba taa zinawaka mchana kutwa wametandika kitambaa cha manyoya juu ya dashibodi, na wengine wamebandika tinti nyeusi kwenye ukanda wa juu wa kioo unaotupa kivuli palepale. Kazi yao inaishia na mkasi.

Sasa chomoa kidoti taratibu kwa kipande cha plastiki, uhesabu nyaya.

Nyaya tatu kwenye Toyota: michoro yao huziita CLTB, CLTS na CLTE, yaani umeme, ishara na ethi (njia ya kurudi kwenye chuma cha gari). Ishara hii si volti inayopanda na kushuka polepole. Ni mapigo, na kompyuta inasoma mwanga kutokana na mapigo hayo. Ndiyo sababu rezista (kipande kinachoongeza ukinzani) unayoichomeka kwenye waya wa ishara haikusaidii. Inayavuruga mapigo tu. Ukisoma gari kwa mashine ukakuta kosa B1244, hilo kwa Toyota ni la mzunguko wa sensa ya mwanga. Kama nyumba ni ya pamoja na sensa ya kiyoyozi, nyaya zitazidi tatu. Usikisie, tafuta mchoro wa modeli yako.

Nyaya mbili: mara nyingi ni sensa ya kawaida inayobadili ukinzani au mkondo kulingana na mwanga. Hii inarekebishika, nitaieleza.

Sensa iliyo nyuma ya kioo cha ndani, iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele, kama kwenye Volkswagen, BMW na Mercedes: hapo mwanga na mvua vinapimwa na kifaa kimoja kinachozungumza na kompyuta kwa lugha ya kidijitali. Waya wake usiuguse. Marekebisho yanafanywa kwa programu. Kwa Volkswagen na ndugu zake, programu ya VCDS inafanya kazi hiyo.

Kabla ya waya, kipande cha tinti

Ukitaka taa za AUTO ziwahi kidogo, dawa ya kwanza haihusu umeme. Kata duara la tinti ya kioo lenye ukubwa wa kidoti, ubandike juu yake. Tinti inayopitisha nusu ya mwanga inaifanya sensa ione nusu ya kilichopo; kompyuta iliyokuwa ikisubiri luksi 500 sasa itawasha nje kukiwa na luksi 1,000. Pima kwa programu ya luksi kwenye simu. Haina usahihi wa maabara, lakini inatosha kulinganisha jioni moja na nyingine. Tinti moja ikiwa haitoshi, weka ya pili. Taa zikianza kuchelewa kuzimika asubuhi, umezidisha.

Toyota nyingi zenye kompyuta ya bodi zinaruhusu pia kubadili wepesi wa sensa kwa programu ya Techstream, ngazi kadhaa kuelekea giza au kuelekea mwanga. Kama una rafiki mwenye mashine hiyo, dakika 10 zinatosha.

Vikitosha hivyo, usifungue kitu. Endelea kama gari halina AUTO, sensa imekufa na mpya haipatikani, au una sensa ya nyaya mbili.

Sensa ya nyaya mbili: kuongeza rezista bila kukata

Chomoa sensa, weka malitimita kwenye omu, pima, kisha geuza ncha za mita upime tena. Namba zikiwa sawa pande zote mbili, ni LDR, kipande ambacho ukinzani wake hushuka kikiona mwanga na kupanda kikiona giza. Zikitofautiana sana, ndani kuna dayodi au transista ya mwanga, na rezista ya mfululizo haitabadilisha kitu cha maana. Rudi kwenye tinti.

Kwa LDR, fanya hivi jioni mbili. Jioni ya kwanza acha sensa mahali pake. Taa zikiwaka tu, chomoa upime omu haraka. Tuseme ni 10,000. Jioni ya pili, katika mwanga ule ambao ungependa taa ziwake, pima tena. Tuseme ni 6,000. Kompyuta inasubiri 10,000, wewe unataka aione mapema, kwa hiyo ongeza tofauti, 4,000, katika mfululizo na waya mmoja wa sensa. Madukani utapata rezista ya omu 3,900, na hiyo inafaa. Siku inayofuata hakikisha taa zinazimika mchana kweupe. Zikigoma kuzimika, punguza rezista hadi zikubali.

Rezista hiyo isiingie kwenye waya wa gari. Tafuta mkia wa soketi kutoka gari lililochinjwa, dume na jike, utengeneze kiungo cha sentimita 10 chenye rezista katikati. Unakichomeka kati ya sensa na waya wa gari. Ukiuza gari, unakichomoa.

Kufunga sensa yako sambamba na mkono wa taa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Utahitaji:

– moduli ya sensa ya mwanga ya volti 12 yenye LDR, kitufe cha kuzungusha wepesi na relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na iwe na uwezo wa kuchelewesha kuzima
– dayodi mbili za 1N4007
– kishika fyuzi cha kuchomeka kwenye boksi la fyuzi, na fyuzi ya ampea 2
– waya wa milimita za mraba 0.75, mita tatu, na wa 0.5 kwa ajili ya LDR
– balbu ya wati 5 yenye nyaya mbili zilizolehemiwa
– malitimita, pasi ya kulehemu, mpira unaosinyaa kwa joto, tepu ya kitambaa
– swichi ndogo ya kuwasha na kuzima

Dar es Salaam vitu hivi vyote utavipata Kariakoo. Nairobi, vya elektroniki nenda Luthuli Avenue na vya gari Kirinyaga Road. Usinunue vile viunganishi vya plastiki vya kubana waya juu ya waya. Vinakata nyuzi za ndani, na baada ya mwaka mmoja wa mtikisiko na unyevu wa pwani unakuta kutu ya kijani.

Kama gari lako lina taa za xenon, kipande kinachoziwasha kinatoa maelfu ya volti, kwa hiyo upande wa taa zenyewe usiuguse. Mwongozo huu haufiki huko. Kazi yote iko chini ya usukani.

Hatua ya 1: Usalama. Zima gari, toa terminali hasi ya betri, subiri angalau sekunde 90 ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa mfuko wa hewa uishe. Fungua kava la nguzo ya usukani, ambalo mara nyingi linashikwa na skrubu tatu kutoka chini. Ukiona soketi au mpira wa waya wa rangi ya njano, huo ni mfuko wa hewa. Usiuchomoe, usiupime, usiuegemeze kitu.

Hatua ya 2: Tafuta nyaya tatu. Rudisha betri, washa swichi ya funguo. Kwenye soketi ya mkono wa taa, michoro ya Toyota huziita T kwa taa ndogo, H kwa taa kubwa na EL kwa ethi. Rangi hubadilika modeli kwa modeli, kwa hiyo usitegemee rangi, pima. Weka mita kwenye volti 20 za mkondo mnyoofu, ncha nyeusi kwenye chuma cha bodi, na ncha nyekundu uiingize nyuma ya soketi kwa pini nyembamba bila kutoboa mpira. Kisha zungusha mkono wa taa na utazame.

Mkono ukiwa OFF, T na H zote zina kama volti 12. Ukienda ngazi ya kwanza, T inashuka karibu na 0 na H inabaki palepale. Ngazi ya pili, zote mbili ziko karibu na 0. EL iko 0 muda wote. Ukipata mpangilio huo umezipata nyaya zako, na umejua jambo kubwa zaidi: gari lako linawasha taa kwa kupeleka ethi kwenye relei au kwenye kompyuta, wala si kwa kupeleka moto. Toyota nyingi ziko hivyo. Gari lenye kompyuta ya bodi linaweza kuonyesha pungufu ya volti 12. Unachotafuta ni ule mshuko.

Kama umeona kinyume, waya uko 0 na unapanda hadi 12 taa zikiwaka, simama hapo. Gari hilo linapeleka moto kupitia swichi, na huenda mkondo wote wa taa unapita humo. Balbu mbili za wati 55 ni wati 110, na kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 9. Relei ndogo ya moduli imeandikwa 10, lakini ukiipa 9 kila jioni itaungua. Gari la namna hiyo linataka relei kubwa ya gari yenye fyuzi yake, na mchoro wake ni mwingine kabisa.

Hatua ya 3: Balbu ya wati 5. Hiki ni kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinakuokoa usiunguze kompyuta. Mkono wa taa ukiwa OFF, shika ncha moja ya balbu kwenye bodi, nyingine kwenye waya wa H. Taa kubwa zikiwaka na balbu ikabaki nyeusi, mkondo wa waya huo ni mdogo na relei ya moduli itaubeba bila shida. Kwenye gari jingine taa kubwa zitawaka tu ukigusisha na T pia, na hilo ni sawa. Lakini balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote, umeshika waya wa moto moja kwa moja. Ondoa, rudi hatua ya 2.

Rudia kwa T.

Hatua ya 4: Ijaribu moduli mezani. Iunganishe kwenye betri yoyote ya volti 12, ifunike LDR, usikilize mlio wa relei. Moduli nyingine zinakamata relei gizani, nyingine zinaikamata kwenye mwanga, na tofauti hiyo ni muhimu mno. Unayoitaka ni inayokamata gizani, ili utumie mdomo ulioandikwa NO, ambao uko wazi relei ikilala. Ukinunua ile nyingine, utashawishika kutumia mdomo wa NC, ambao umejifunga relei ikilala, na jioni ya kwanza itafanya kazi vizuri kabisa. Kisha utazima gari, moduli itakosa umeme, NC itajifunga, na taa zitawaka usiku kucha ndani ya geti. Asubuhi betri imekufa. Moduli nyingi zina kipini cha kubadilisha tabia hiyo. Kama yako haina, irudishe dukani.

Hatua ya 5: Dayodi. Mkono wa taa ukiwa ngazi ya pili unapeleka ethi kwenye T na H kwa pamoja, kwa hiyo na moduli lazima ifanye hivyo, la sivyo taa za mbele zitawaka na za nyuma zitabaki zimezimwa. Lakini huwezi kuziunganisha T na H moja kwa moja, maana kuanzia hapo ukiwasha taa ndogo tu, kubwa nazo zitawaka. Dayodi ndizo zinazozitenganisha, maana hupitisha umeme upande mmoja tu. Lehemu dayodi moja kwenye waya utakaoelekea T na nyingine kwenye waya utakaoelekea H, mstari wa fedha ulio kwenye mwili wa dayodi ukielekea upande wa moduli. Ncha zenye mstari ziunganishe pamoja, ziingie kwenye NO. Mdomo wa COM, ule wa pamoja, uende ethi kupitia ile swichi ndogo. Swichi hiyo ina kazi yake: ukifika getini usiku na mlinzi akaomba uzime taa akuone uso, unabonyeza unazima.

Dayodi inabakiza kama volti 0.7 kwenye waya. Relei haijali. Kompyuta ya bodi kwa kawaida nayo inaikubali, lakini kama yako itagoma, tumia relei yenye jozi mbili za midomo badala ya dayodi, jozi moja kwa T na nyingine kwa H.

Hatua ya 6: Umeme wa moduli. Tafuta fyuzi inayopata umeme funguo ikiwa ACC na kuupoteza unapopiga stata. Ya redio au ya kiberiti mara nyingi iko hivyo. Pima kabla ya kuamini. Faida yake ni kwamba unapopiga stata asubuhi kukiwa bado giza, moduli inalala kidogo na betri inaipa stata nguvu zake zote. Relei ndogo ya volti 12 inakula kama ampea 0.03, kwa hiyo fyuzi ya ampea 2 ni ya kulinda waya tu. Usiweke kubwa kuliko hiyo.

Hatua ya 7: Viungo. Toa tena betri. Kwenye T na H, sogeza mpira wa waya ufungue dirisha la nusu sentimita bila kukata uzi hata mmoja. Zungusha waya wako mara tatu, lehemu, funika. Mpira unaosinyaa hauwezi kuvishwa waya ambao haujakatwa, kwa hiyo hapo tumia tepu ya kitambaa, raundi nne, ukianza sentimita mbili kabla ya kiungo. Tepu ya plastiki nyeusi inalainika na joto la gari lililoegeshwa juani, gundi inatoka, kiungo kinabaki uchi. Ethi ichukue kwenye boliti ya chuma chini ya dashibodi, baada ya kuikwangua rangi.

Moduli ifunge kwa kamba za plastiki mbali na pedali na mbali na mahali usukani unapojikunja. Shusha na pandisha usukani, uzungushe kulia na kushoto hadi mwisho, uone kama kuna waya unaovutwa.

Mahali pa kuweka LDR

Hapa nilijifunza kwa hofu. Sensa yangu ya kwanza niliiweka juu ya dashibodi ikitazama mbele, kwa sababu nilifikiri mwanga unatoka mbele. Mjini haikunipa shida. Kisha nikasafiri usiku, barabara ya Chalinze kwenda Segera, moduli ikiwa haina ucheleweshaji wowote. Lori la kwanza lilipokuja na fulu zake, LDR ikaona mchana. Taa zangu zikazimika, pale hasa tulipokuwa tunapishana. Nilizungusha mkono wa taa bila kufikiri, zikawaka, na nimebaki hai kwa sababu mkono ule ulikuwa haujaguswa na kazi yangu. Waya wa kiwandani ulinisaidia siku ile, na tangu hapo sikati waya wa mtu.

LDR itazame juu, angani. Iweke kwenye kona ya dashibodi, karibu kabisa na kioo cha mbele, ndani ya kikofia kidogo cheusi chenye kina cha sentimita moja ili mwanga wa pembeni usiingie. Isikae mahali inapoweza kuona mwanga wa taa zako ukirudi kutoka kwenye ukuta au geti, maana itazizima, izione zimezimika, iziwashe tena, na hivyo hivyo bila kukoma. Waya wake upite chini ya ukingo wa dashibodi. Usiupitishe ndani ya nguzo ya pembeni ya kioo kama gari lina mfuko wa hewa wa pazia, kwa sababu mfuko ukifunguka unapita hapo.

Kuchelewesha kuzima ndiko kunakoitofautisha sensa ya kuaminika na ya kuhatarisha. Nguzo za taa za barabarani zinapita juu yako kila sekunde chache. Nimeiweka yangu kwenye sekunde 60. Chini ya 30 sishauri. Kuwasha kusichelewe zaidi ya sekunde 2.

Kuseti na kujaribu

Seti jioni, LDR ikiwa imeshakaa mahali pake pa mwisho, kwa sababu kioo na kikofia vinapunguza mwanga. Toka nje, egesha mahali pasipo na miti wala taa, simu ikiwa imewekwa juu ya paa la gari ikipima luksi. Zungusha kitufe hadi mwisho wa upande wa kutowasha. Simu ikisoma 1,000, rudisha kitufe polepole hadi usikie relei. Weka tone la rangi ya kucha juu ya kitufe ili mtikisiko wa barabara za vumbi usikihamishe.

Kisha jaribu haya, usiruke hata moja. Taa za nyuma zinawaka? Mtu asimame nyuma athibitishe. Fulu na dimu zinabadilika kama zamani? Mkono wa taa peke yake, swichi yako ikiwa imezimwa, unawasha ngazi zote mbili? Ukizima gari na kuchomoa funguo, taa zinazimika? Usiku, mwangazie LDR kwa tochi ya simu kwa sekunde 20: taa zisizimike. Toa fyuzi ya moduli, uhakikishe gari linarudi kuwa lilivyokuwa siku ulipolinunua. Baada ya mwendo wa nusu saa, gusa relei na viungo kwa vidole. Viwe baridi au vuguvugu kidogo.

Asubuhi iliyofuata pima betri kabla ya kuwasha. Ikiwa na volti 12.4 au zaidi, moduli yako haili umeme usiku.

Mwisho, chukua kipande cha karatasi, andika rangi za nyaya ulizoziunga kwenye T na H, fyuzi uliyoitumia, na tarehe. Kibandike kwa tepu ndani ya mfuniko wa boksi la fyuzi, fundi atakayefungua kava hilo baada yako akione.